Askari Kanzu Katika Miji ya Angani

Usiku wa tarehe 29 Agosti 2018, watu sita waliokuwa wakikaa katika Kituo cha Kimataifa cha Angani, kilomita 400 hivi juu ya uso wa dunia, walikuwa wamelala, ilhali watumishi wa zamu waliokuwa ardhini waliona katika mitambo yao kwamba hewa ya kituo ilikuwa ikipungua kidogo kidogo. Asubuhi wakaaji wale waliambiwa watafute, wakafunga mlango baada ya mlango, wakapima chumba baada ya chumba, hata wakafika katika chombo cha Kirusi cha Soyuz kilichofungamanishwa na kituo, na humo ukutani wakaona tundu lenye upana wa milimita mbili hivi. Likazibwa kwa kitambaa na gundi, hewa ikatulia, hatari ikapita. Lakini tundu lile halikufanana na jeraha la kijiwe cha angani. Lilifanana na kazi ya keekee, na kila keekee ina mkono ulioishika. Desemba ya mwaka ule ule Warusi wawili walitoka nje ya kituo wamevaa mavazi yao mazito, wakafanya kazi kwa saa nyingi kukata kwa visu na mikasi vitambaa vya kinga vilivyokifunika chombo kile kwa nje, ili wapate ushahidi wa upande wa pili wa tundu. Matokeo kamili ya uchunguzi huo hayakutangazwa hadharani.

Kwa mtungaji wa riwaya za upelelezi hapana mwanzo ulio bora kuliko huo: nyumba iliyofungwa pande zote, isiyoingilika wala kutokeka ila kwa chombo, wakaaji wachache, ambao hapana hata mmoja wao awezaye kumdhuru mwenziwe bila ya kuihatarisha nafsi yake, na tundu lisilopitisha hata punje ya mtama, ambalo likiachwa litawamaliza wote pumzi. Muda wa miaka zaidi ya 70 sasa, waandishi wa Marekani na Uingereza wamekuwa wakitunga visa vya namna hii, vya askari kanzu wanaotafuta wauaji katika miji itakayojengwa angani karne nyingi zijazo, na watu wengi wenye elimu wamevipita kwa dharau, wakidhani ni porojo za kuwatumbuiza vijana. Mimi naona wamevidhulumu. Visa hivi, vilivyo bora miongoni mwao, vimeshika jambo ambalo riwaya ya mjini au ya shamba haikulishika barabara, nalo ni kwamba mahali ambapo hewa yenyewe hutengenezwa, hupimwa na huwa na mwenyewe, damu ya mtu mmoja haiwi kamwe shauri la aliyeuawa na aliyeua tu. Humgusa kila avutaye pumzi chini ya dari ile moja.

Haikuwa rahisi kwa aina hii ya hadithi kuzaliwa. John W. Campbell, aliyekuwa mhariri wa jarida la Astounding tangu mwaka 1937 hata alipokufa mwaka 1971, na ambaye neno lake lilikuwa kama sharia kwa waandishi wa hadithi za sayansi, alishikilia kwamba upelelezi na sayansi ya kubuni haviwezi kukaa katika kitabu kimoja. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Hadithi ya upelelezi, tangu Edgar Allan Poe alipoianzisha mwaka 1841, ni mashindano baina ya mwandishi na msomaji, na mashindano hayataki hadaa. Ndiyo maana kasisi wa Kiingereza, Ronald Knox, ambaye mwenyewe alikuwa mtungaji wa visa hivyo, aliandika mwaka 1929 kanuni kumi za kuwazuia watungaji wasiwaonee wasomaji wao, na mojawapo ilikataza sumu zisizojulikana bado na mashine ambazo ufahamu wake wahitaji maelezo marefu ya kisayansi mwishoni. Wasomaji wa Kiswahili nao wanalijua sharti hilo tangu Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipotuletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, mpelelezi ambaye hushinda kwa kuyatazama yale yale ambayo wenziwe wameyaona na kuyapita. Sasa, akasema Campbell, ikiwa askari wa karne ijayo anaweza wakati wowote kutoa mfukoni chombo kinachosoma moyo wa mtu, au kinachoyarudisha machoni yaliyotendeka jana, msomaji atashindana na nini?

Aliyemjibu ni Isaac Asimov, mzaliwa wa Urusi wa mwaka 1920 aliyelelewa Brooklyn, mwanakemia kwa elimu yake na mwandishi kwa mapenzi yake. Jibu lake lilikuwa jepesi kulisema na zito kulitenda: mwandishi na aieleze dunia yake yote kabla ya maiti kuonekana, aseme kilichomo na kisichomo, kiwezekanacho na kisichowezekana, kisha asiongeze chombo hata kimoja baada ya hapo. Insafu haimo katika udogo wa maajabu, imo katika kuyatangaza mapema. Mhariri mwingine, Horace Gold wa jarida la Galaxy, ndiye aliyemhimiza aandike kisa cha mpelelezi mwenye mwenziwe roboti, na kisa hicho, The Caves of Steel, kikatoka kwa mfululizo mwaka 1953 na kwa kitabu mwaka 1954.

Humo New York ya zama zijazo ni mji mmoja uliofunikwa wote kwa kuta na dari za chuma, wenye watu milioni 20 ambao hula katika majumba ya chakula ya umma, hupewa nafasi zao kwa daraja, na ambao hata ruhusa ya kutumia beseni la kunawia ndani ya chumba cha mtu ni tunu inayoweza kupokonywa akishushwa cheo. Baba wa mpelelezi Elijah Baley alipata kushushwa hivyo, na hofu ya kuangukia huko ndiyo inayomsukuma mwanawe katika kila hatua. Kando ya mji wakaa wageni waliotoka katika sayari nyingine, matajiri, wenye maroboti mengi na wenye kuogopa maradhi ya watu wa dunia. Mmoja wao ameuawa. Na fumbo lenyewe limesukwa kwa mambo mawili ambayo msomaji ameyajua tangu kurasa za awali: watu wa mjini, waliozaliwa na kufa chini ya dari, hawastahimili kukanyaga uwanja ulio wazi chini ya mbingu, kwa hiyo hawakuweza kuuvuka usiku na kumfikia maiti, na maroboti, ambayo yangeweza kuvuka, yameumbwa kwa kanuni isiyoyaruhusu kumdhuru binadamu. Awezaye kwenda hawezi kuua, awezaye kuua hawezi kwenda. Sitalifungua fumbo hilo hapa, maana kumtajia mtu muuaji kabla hajasoma ni kumwibia. Nitasema tu kwamba mwenye kusoma kwa makini anaweza kulifumbua mwenyewe, na kwamba Campbell alikuwa amejibiwa.

Riwaya iliyofuata, The Naked Sun ya mwaka 1957, naiona kuwa bora zaidi, ijapokuwa mandhari yake ni sayari nzima wala si mji wa kufungwa. Solaria ina watu 20,000 tu na maroboti milioni 200, ndiyo kusema kila mtu ana watumishi 10,000 wa chuma, na kila mmoja hukaa peke yake katika milki isiyo na jirani. Watu hao hawaonani. Huzungumza kwa taswira zinazorushwa kutoka nyumba hata nyumba, zilizo kamili hata mtu akadhani mwenziwe amekaa mbele yake, lakini kukaa chumba kimoja na mtu mwenye mwili, anayepumua na kutoa jasho, kwao ni uchafu unaowatia kichefuchefu, na hata mume na mke huonana kwa ratiba, kwa kuwajibika tu. Katika nchi kama hiyo mtu ameuawa kwa kupigwa kichwani. Ajabu hapo si nani alimchukia. Ajabu ni nani aliweza kumkaribia. Silaha haikuonekana, roboti lililoshuhudia limeharibika akili kwa kuona binadamu akidhuriwa, na mtu wa pekee ambaye ada ilimruhusu kuwa karibu ni mkewe. Tazama jinsi desturi ya watu ilivyofanya kazi ya komeo: chumba hakikufungwa kwa ufunguo, kilifungwa kwa malezi. Baley, ambaye yeye mwenyewe hutetemeka kila jua linapompiga usoni kwa sababu hakuzoea anga, analazimika kuwapeleleza watu wanaotetemeka kwa kuwa karibu na mtu, na hofu hizo mbili zinapokabiliana, upelelezi unageuka kuwa elimu ya nafsi za watu. Aliyeandika hayo alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, na miongo mingi baadaye, tunapowaona watu wakizoea kusemezana kwa vioo vya simu kuliko uso kwa uso, kitabu chake chasomeka kwa uzito ambao hakikuwa nao siku kilipotoka.

Asimov alitunga pia visa vifupi, na katika hivyo kimoja chafaa kutajwa kwa ajili ya usafi wa hoja yake. Ni The Singing Bell cha mwaka 1955. Humo muuaji anajulikana tangu mwanzo, kwa hiyo siharibu kitu: mtu amekwenda Mwezini, amemuua mwenziwe, amechukua kengele za mawe yenye sauti ya ajabu, kisha amerudi duniani na kudai kwamba mwezi wote wa Agosti alikuwa amejifungia nyumbani kwake, kama afanyavyo kila mwaka. Chombo cha kupekua akili za watu kipo, lakini sheria haikiruhusu kutumiwa bila ya ushahidi wa kutosha, kwa sababu chaweza kumdhuru asiye na hatia. Angalia jinsi mwandishi alivyoufunga kwa sheria mlango ambao Campbell alidhani haufungiki. Ndipo mtaalamu Wendell Urth, mzee ambaye hajasafiri hata mara moja kutoka katika mji wake, anamrushia mtuhumiwa kengele moja na kumtaka airudishe kwa kuirusha. Mtuhumiwa anairusha, nayo inaanguka kabla ya kufika. Mikono yake imezoea Mwezi, ambako uzito wa kitu ni sehemu moja ya sita ya uzito wake hapa, na bado haijajirekebisha. Mwili umetoa ushahidi ambao ulimi uliuficha.

Katika kisa hicho kidogo imo mbegu ya yote yaliyofuata, maana makazi ya angani ni mahali ambapo maumbile yenyewe husimama kizimbani. Fikra ya makazi hayo haikuanzia kwa watunzi wa riwaya. Mwanasayansi J. D. Bernal aliwaza mwaka 1929 juu ya mipira mikubwa yenye kukaliwa na watu angani. Na mwaka 1974 Gerard O'Neill, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Princeton, alichapisha hesabu zake za kuonyesha kwamba miji ya namna hiyo yaweza kujengwa kwa madini ya Mwezini. Mwaka uliofuata wataalamu walikutana California, kwa msaada wa shirika la NASA, wakachora mji wenye umbo la gurudumu, upana wake kiasi cha kilomita 1.8, wa kukaliwa na watu 10,000, unaozunguka mara moja kila dakika ili mzunguko huo uwabane wakaaji sakafuni kama uzito uwabanavyo watu wa duniani.

Uzito wa kuzungushwa, hata hivyo, si sawa na uzito wa ardhi, na hapo mpelelezi hupata kazi. Katika mji mdogo unaozunguka kwa kasi, kitu kilichoachiwa kutoka juu hakianguki wima, bali hubaki nyuma ya mzunguko, na kadiri kilivyoanguka kutoka mbali ndivyo kinavyozidi kupotoka. Risasi nayo haifuati njia ambayo mpigaji aliyezoea sayari angeitazamia, hata mtu aweza kujua kwa tundu la ukutani kama aliyelenga ni mzaliwa wa mji au mgeni aliyeshuka jana. Karibu na kitovu cha gurudumu uzito hupungua mpaka ukatoweka, kwa hiyo maiti ambayo sakafuni ingehitaji watu wanne, huko juu yaweza kuchukuliwa na mzee mmoja kwa mkono mmoja. Damu mahali pasipo uzito haidondoki wala haitiririki. Hujikusanya kwa nguvu ya uso wake na kuambatana na kitu inachokigusa, na mwaka 2024 watafiti wa Uingereza na Marekani walichapisha majaribio waliyoyafanya ndani ya ndege irukayo kwa namna ya kuondoa uzito kwa sekunde chache, wakitumia kimiminika mfano wa damu, ili siku moja wachunguzi wa jinai waweze kuzisoma alama za namna hiyo. Kwa hiyo elimu ambayo watunzi waliianza kwa kubuni sasa imeingia maabara.

Walakini maumbile ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni mali na utawala, na hapo sina budi kukaa na Leviathan Wakes, riwaya ya mwaka 2011 iliyoandikwa na Daniel Abraham na Ty Franck kwa jina moja la James S. A. Corey, ambayo baadaye ilifanywa mchezo wa televisheni uitwao The Expanse. Mpelelezi wake, Miller, amezaliwa Ceres, ile sayari ndogo ambayo kasisi Giuseppe Piazzi aliigundua kutoka Palermo mwaka 1801, na ambayo katika riwaya imetobolewa mashimo, ikazungushwa ili iwe na uzito, ikatiwa watu kama milioni sita. Miller si polisi wa serikali. Ni mwajiriwa wa kampuni ya ulinzi yenye mkataba wa kulinda amani mahali ambapo wakaaji ni watu wa huko huko na wenye amri wako mbali, duniani. Maji ya Ceres hutoka katika barafu ya pete za Zohali, huletwa kwa merikebu, na merikebu moja ikiangamizwa, bei hupanda, kiu huingia, na barabara za chini ya ardhi hujaa watu wenye hasira. Wakaaji wamekuwa warefu na wembamba kwa kukulia katika uzito mdogo, na huzungumza kwa ishara pana za mikono kwa sababu babu zao waliishi ndani ya mavazi ya anga, ambamo kutikisa kichwa hakuonekani.

Mtu huyo amepewa kazi ndogo ya aibu: amtafute binti wa tajiri wa Mwezini aliyekimbia nyumbani akaungana na watu wa migodi, amkamate, amrudishe kwa wazazi wake apende asipende. Si upelelezi, ni utekaji nyara uliotiwa muhuri. Lakini jinsi anavyosoma barua za binti yule na kuuona ushujaa wake, ndivyo anavyotambua kwamba maisha yake yote amekuwa mlinzi wa mali za wasiomjua, dhidi ya watu aliozaliwa nao. Sijui riwaya nyingine ya aina hii iliyouonyesha waziwazi zaidi ule utumwa wa mtu mwenye sare. Miller si hodari. Ni mlevi, mke amemwacha, wenziwe wanamdharau, na kazi aliyopewa alipewa kwa sababu hakutazamiwa kuimaliza. Ukaidi wake wa kuimaliza ndio utukufu wake. Huzuni yangu ni kwamba katika nusu ya pili ya kitabu mambo makubwa ya maangamizi yanamfunika yule askari mwenye kofia, na upelelezi unakoma kabla ya riwaya kukoma.

Alastair Reynolds hakufanya kosa hilo. Mtu huyu, mzaliwa wa Wales wa mwaka 1966, alikuwa mnajimu mwenye shahada ya udaktari na alifanya kazi miaka mingi katika Shirika la Anga la Ulaya huko Uholanzi kabla ya kuacha na kuishi kwa kalamu yake. Riwaya yake The Prefect, ya mwaka 2007, ambayo siku hizi huuzwa kwa jina la Aurora Rising, imewekwa katika karne ya 25, mahali ambapo makazi 10,000 yenye watu milioni 100 yanaizunguka sayari moja ya nyota ya Epsilon Eridani, iliyo mbali nasi kwa miaka ya nuru ipatayo kumi na nusu. Kila makazi yana katiba yake. Wako wanaoishi kama wafalme, wako wanaoishi kwa kuota ndoto tu, na wako hata waliochagua kwa hiari yao kutawaliwa kwa mabavu, na hapana anayewaingilia, maadamu haki moja haijavunjwa: haki ya kila mtu kupiga kura katika mambo yanayowahusu wote. Kuilinda haki hiyo ndiyo kazi ya Tom Dreyfus na wenziwe. Kisa chafunguka kwa makazi ambayo yameiba kura, na adhabu yake ni kufungiwa, yasipate habari wala mawasiliano na walimwengu wengine kwa muda wa miaka 100. Na walinzi wenyewe, wachache kama walivyo, hawawezi kuchukua silaha nzito mpaka wananchi wale milioni 100 wawaruhusu kwa kura. Na iko saa ya hatari kuu ambapo wanaomba ruhusa hiyo na wananyimwa.

Kisha makazi moja yanateketezwa, na watu 960 wanakufa kwa pamoja. Dreyfus anakwenda kutazama ganda lililobaki, na katika majivu anaokota mashahidi wa namna ambayo hapana kadhi aliyepata kuwahoji: taswira za marehemu zilizohifadhiwa katika mashine, zinazosema kwa sauti zao, zinazojibu kama wangalijibu, na zinazolia zinapoambiwa kwamba wenyewe wamekufa. Sheria ya huko haizihesabu kuwa watu. Dreyfus pia, mwanzoni, hazihesabu. Huzitumia kama mtu atumiavyo daftari. Lakini shahidi anayetoa ushahidi kwa matumaini kwamba haki itatendeka, akasikiliza na kusubiri na kuuliza habari za ndugu zake, ni vigumu kuendelea kumwita daftari, na mwandishi anaiacha shida hiyo imchome mpelelezi wake polepole, bila ya kumpa jibu la haraka. Sehemu hizo ndizo zilizonifanya niamini kwamba riwaya ya upelelezi wa angani inaweza kubeba swali zito kama lolote lililopata kuulizwa na wanafalsafa juu ya nafsi, tena ikalibeba kwa heshima.

Viko vingine ambavyo vyataka kutajwa japo kwa haraka. John Varley, katika kisa chake cha mwaka 1978 kiitwacho The Barbie Murders, alimpeleka mpelelezi wa Mwezini katika jamaa ya watu waliojigeuza wote wawe na sura moja, hata shahidi hana la kumtambulishia muuaji. Mur Lafferty, katika Six Wakes ya mwaka 2017, anawaamsha mabaharia sita wa chombo cha angani katika miili mipya, wakiwa wamezungukwa na maiti zao wenyewe, na hapana akumbukaye nani aliyewaua. Malka Older, mwaka 2023, alijenga katika The Mimicking of Known Successes majukwaa na reli zinazoizunguka sayari ya Mshtarii, akamwanzishia mpelelezi wake kazi kwa mtu aliyetoweka katika jukwaa la mbali lisilo na pa kwenda. Navitaja kwa kuwa katika kila kimoja fumbo lisingewezekana mahali pengine. Viko vingi zaidi ambavyo ni visa vya mjini vilivyovikwa bati na taa, vyenye mlevi, kahaba na tajiri mbaya, na ambavyo ungeviondoa angani na kuviweka Chicago bila ya kupungukiwa na neno, hivyo sivihesabu.

Na tusidhani kwamba mambo ya sheria katika vitabu hivi ni ya ndoto tu. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 umekwisha amua kwamba dola iliyokiandikisha chombo ndiyo yenye mamlaka juu yake na juu ya watu waliomo. Mkataba wa kituo cha kimataifa, uliotiwa saini na nchi 15 mwaka 1998, una kifungu cha 22 juu ya jinai: mtu atashtakiwa na nchi yake, na akimdhuru raia wa nchi nyingine mshirika, au akiharibu sehemu ya kituo iliyo ya nchi hiyo, nchi iliyodhuriwa yaweza kutaka mashauri, na ikiwa katika siku 90 nchi ya mtuhumiwa imekubali, au imeshindwa kutoa ahadi kwamba itamfikisha mbele ya sheria, iliyodhuriwa yaweza kumshtaki yenyewe. Kanuni hiyo inawatosha watu saba au kumi na mmoja ambao wote wana nyumbani pa kurudi. Itafanya nini siku atakapozaliwa mtoto katika mji wa angani, asiye raia wa mahali pengine popote, akamdhuru mwingine aliye kama yeye, na mashine za hewa zikiwa mali ya kampuni iliyoandikishwa katika nchi ya tatu? Mwanadamu mmoja huhitaji oksijeni kiasi cha gramu 840 kila siku. Anayeuza gramu hizo ana nguvu kuliko kadhi, na polisi anayelipwa na muuzaji huyo hawezi kuwa polisi wa mnunuzi. Wanasheria hawajaliandikia jambo hilo kifungu, na Miller wa Ceres amekwisha kuishi ndani yake.

Kwa msomaji atakaye kuanza, namshauri aanze na The Caves of Steel, kwa sababu ni fupi na haitaki ujuzi wowote wa sayansi. Kisha aifuatishe The Naked Sun wakati Baley angali akilini mwake, wala asisome maelezo ya nyuma ya jalada, maana mengine hufichua mno. The Prefect aiwekee akiba kwa siku ya nafasi, kwani ni kitabu kinene na majina yake ni mengi. Na wale miongoni mwetu wenye kufasiri na wanaotafuta kazi ya kufanya, The Singing Bell ni kisa cha kurasa chache, kinaingia katika toleo moja la jarida, na kinastahili Kiswahili kizuri.